Mambo ya Sonderlitten Niliyokuficha

Mwanangu Rukia,

Usiucheke mwandiko. Herufi zangu nilizipata ukubwani, katika darasa la ngumbaru pale Garsen, na mwalimu alisema nina kichwa kigumu lakini mkono mzuri. Alisema hivyo mbele ya darasa zima na mashahidi wapo, ingawa wengi wao wameshafariki. Nimekaa kuandika tangu niliposwali alasiri. Mama yako yuko chumba cha pili anafunga sanduku lako na kulifungua, hii ni mara ya nne, kwa sababu ya kilo za ndege. Mambo ya sweta, dawa, na nani umpigie simu ukifika nimemwachia yeye. Mimi nataka kukwambia unakwenda wapi.

Najua utasema, Baba, umenisimulia mahali hapo tangu sijaota meno. Kweli. Hakuna mgeni aliyekula wali katika nyumba hii akaondoka bila kusikia habari za Sonderlitten. Hata wale vijana wetu wa Kenya wanaolinda majengo kule Silicon Oasis, hapa hapa Dubai, wakija Ijumaa, huniambia, Mzee, tupe ile ya ng'ombe wa maua. Nami nawapa. Nawaambia jinsi nilivyoshuka mlimani na ng'ombe arobaini na wawili, kila mmoja na kengele shingoni, wa mbele kavikwa taji la maua na matawi, na watu wametoka majumbani kumtazama mtu wa Garsen anayetembea mbele yao. Hadithi hiyo uliisikia hata ukaipenda, ukaipenda hata ukajifunza Kijerumani bila kuniambia, ukawaandikia kule kiwandani kwao kwamba unataka kujifunza kutengeneza jibini. Wakaandikiwa na watu wengi, wakakuchagua wewe. Binti yangu. Huo ni ushindi na nimeutangaza kila mahali, hata kwa muuza samaki wa Deira ambaye hakuniuliza.

Lakini katika hadithi ile, kuna sehemu si kweli. Nitaifikia kwa miguu yangu mwenyewe, usinisukume. Kwanza nikupe mahali penyewe, maana hayo ni kweli tupu, na hakuna profesa atakayekueleza vizuri kunishinda.

Sonderlitten iko Austria, upande wa magharibi, karibu na mwisho wa nchi. Kwenye makaratasi yao ni manispaa, ina meya na muhuri, lakini usije ukafikiria Mombasa. Watu wake wote ukiwakusanya hawajazi ua wa msikiti wetu siku ya Idi. Kuna kanisa lenye mnara wa kichwa cha kitunguu, shule, nyumba ya zimamoto, duka moja, kiwanda cha jibini, na mbao kila unapogeuka. Hata kuta za nje za nyumba ni vibao vidogo vilivyopangwa kama magamba ya samaki, vikizeeka vinakuwa na rangi ya fedha. Katikati unapita mto mwembamba wenye kelele kuliko ukubwa wake. Mimi mtu wa Tana niliucheka siku ya kwanza. Siku ya tatu ikanyesha mvua mlimani, ukabeba daraja na magogo ya watu. Sikuucheka tena.

Nchi ile imesimama wima. Kwetu Garsen ardhi imelala chali, na hapa Dubai ilikuwa imelala hadi walipoanza kuisimamisha kwa vyuma. Wale wa Sonderlitten walizaliwa nayo imesimama, kwa hiyo wanaitumia kama ngazi. Kila mkulima ana vidato vitatu. Cha chini ni nyumbani, bondeni, kwenye majani ya kukatwa na kukaushwa kwa ajili ya baridi. Cha pili kiko nusu ya mlima, kibanda na malisho ya majira ya kuchipua, na watu huhamia huko na kuku na paka na mama mkwe. Cha tatu ni malisho ya juu kabisa, juu ya miti yote, ambayo si ya mtu mmoja. Ni ya wote. Ng'ombe wa kila nyumba hupandishwa pamoja joto likianza, wakachungwa na watu waliochaguliwa, na wakashushwa kabla ya theluji. Nilipoelewa hilo nilimwambia Alois kwamba basi nyinyi ni wafugaji wa kuhamahama kama sisi, ila mnahama kwenda juu badala ya kwenda mbele. Alicheka hadi akakohoa.

Huyo Alois ndiye mtu wa barua hii, basi nikujulishe. Alikuwa mchungaji mkuu wa malisho ya juu. Mtu mfupi, masharubu kama ufagio, mikono mikubwa kuliko uso. Kila majira ya kuchipua wenye ng'ombe hukutana katika ukumbi ulio juu ya nyumba ya zimamoto na kunyoosha mikono kumchagua mchungaji mkuu, na miaka nenda miaka rudi mikono yote ilikuwa ikinyooshwa kwa Alois. Arbab wangu, mwenye shamba la hapa Dubai, alipokwenda kule kununua mitamba ya kahawia, aliacha neno kwamba mkamuaji wake atakuja kukaa nao kiangazi kizima ajifunze tabia zao kabla hawajasafirishwa. Mkamuaji mwenyewe ni mimi. Walinipeleka kwa Alois.

Alinifundisha kila kitu. Alfajiri tulikamua, kisha akawasha moto chini ya sufuria kubwa ya shaba, ninyi mtasema pipa, na mimi nikakoroga maziwa huku yeye akinipa habari za kwao. Mdomo wake ulifunguka kwenye moto tu. Nje ya kibanda alikuwa bubu kama wenzake wote, na wewe usidhani wamekuchukia. Watu wale wanasema neno moja pale ambapo Mswahili anasema salamu nzima.

Alisema wazee wao wa kwanza walivuka milima na mashoka, wakakata msitu ambao hakuna aliyeutaka, na kila jiwe unaloliona kwenye kuta za malisho mtu fulani alilibeba mgongoni. Alisema walikuwa maskini kwa muda mrefu sana. Wanaume walikwenda nchi za wengine kiangazi kizima kujenga makanisa, kupiga lipu na kuchonga, wakarudi baridi ikianza. Wanawake walidarizi dirishani kwa ajili ya matajiri wa mbali. Na watoto, Rukia, watoto wa miaka minane, tisa, walivushwa milima kwa miguu theluji ikiwa bado njiani, wakasimamishwa sokoni nchi ya chini, na wakulima wakubwa wakawachagua. Huyu aje kwangu, yule aje kwako. Wakachunga ng'ombe wa watu hadi majani yalipodondoka, kisha wakarudi kwao na suti mpya na viatu. Baba yake Alois alikuwa mmoja wao. Aliniuliza kwetu mwenye kazi tunamwitaje, nikamwambia arbab. Akalirudia neno hilo akikoroga, arbab, arbab, akasema baba yake angelipenda.

Nimekuandikia haya kwa sababu moja. Barabara ya lami ilipofika, na umeme, na wageni wa kuteleza kwenye theluji, walipata nafasi ya kupumua, na leo utawakuta wana magari mazuri na madirisha makubwa ya vioo. Ukiona mtu anakutazama kwa mashaka dukani, usinywee. Bibi wa bibi yake alisimamishwa sokoni. Hawajasahau, ila hawapendi kukumbushwa na mgeni. Wewe kaa kimya na ufanye kazi, watakuja wenyewe kukuambia.

Sasa uchumi wao, na hapa nisikilize kwa sababu ndiyo kazi yako. Uchumi wao ni nyasi. Kuna maseremala hodari, kuna wanaopangisha vyumba kwa wageni, kuna magogo, lakini ukifuata kila kitu hadi chanzo unakuta nyasi. Kule hawaruhusu kumpa ng'ombe wa jibini majani yaliyofunikwa yakachacha, kama tunavyofanya hapa shambani kwa arbab. Ni nyasi mbichi kiangazi na nyasi kavu wakati wa baridi, basi. Anayelisha majani machachu, maziwa yake yanakataliwa mlangoni mwa kiwanda, awe nani. Sababu ni kwamba jibini yao kubwa hukaa miezi ikikomaa, na kidogo tu cha uchachu kikiingia, inavimba katikati ya baridi na kupasuka kama tikiti maji. Kosa la leo linaonekana baada ya miezi sita, kwenye rafu, mbele ya watu. Nilipoambiwa hivyo nilisema hewala. Sikujua kwamba langu lingechukua miaka karibu thelathini.

Basi twende.

Kwetu mchungaji hujivunia kupendwa na ng'ombe. Unamwita kwa jina, anageuza kichwa. Mimi nilikuwa na ng'ombe sitini Garsen wanaojua sauti yangu, na kufika Sonderlitten na kuona wale wa kahawia wanamfuata Alois wala hawanitazami, kuliniuma. Alois alikuwa na sheria ya chumvi. Chumvi huwekwa juu ya jiwe bapa, mahali unapotaka ng'ombe wakae, na mtu anaondoka. Mkononi haiwekwi kamwe. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Akila kwenye jiwe atalipenda jiwe. Akila mkononi atakufuata wewe, na wewe unapita mahali ambapo yeye hawezi."

Nilimsikia vizuri. Nikaanza kutia chumvi mfukoni siku iliyofuata.

Kulikuwa na ng'ombe aitwaye Alma, ndiye kiongozi wa kundi, mwenye kengele kubwa, mali ya mjane mmoja aliyekuwa na ng'ombe watatu tu. Nilimpa chumvi kwa siri, kidogo kidogo, wiki tatu. Akawa wangu. Nikipita anainuka. Alois aliona, akasema kwa mshangao kwamba mtu wa Afrika ana kitu mkononi. Nikavimba. Nilikuwa na kitu mkononi kweli.

Asubuhi moja mwezi wa nane kulikuwa na ukungu, huoni kiatu chako. Nilitaka kufika kibandani kwa kukamua nikiwa mbele na Alma nyuma yangu na kundi lote nyuma ya Alma, Alois atoke mlangoni anione. Kulikuwa na njia fupi ya watu upande wa korongo, imefungwa kwa lango la mbao ambalo Alois alilifunga mwenyewe kila jioni. Nililifungua. Nikapita, nikamwita kwa jina, nikaliacha wazi kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na ndoo na wa pili ulikuwa na chumvi. Nilisikia kengele yake ikija nyuma yangu. Njia ikawa nyembamba, mimi nikapita. Nikasikia mawe. Kengele ikalia chini yangu, mahali isipopaswa kulia, mara mbili. Kisha haikulia tena.

Wale wengine walirudi nyuma wenyewe, wana akili kuliko mimi. Nami nikazunguka njia ndefu, nikafika kibandani nikasema sijaona kitu.

Alois alilikuta lango liko wazi. Alisimama pale kwa muda mrefu akilishika kwa mkono, anafunga, anafungua, anafunga. Aliniuliza kama nilipita pale. Nikatikisa kichwa. Akasema basi jana alisahau. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisomea jina lake kwenye orodha.

Manispaa ile, mwanangu, ina desturi ya maua. Kundi likirudi kamili, ng'ombe wa mbele huvikwa taji, na kijiji kizima husimama barabarani, na kunakuwa na ngoma na vinywaji na watoto hawaendi shule. Ng'ombe mmoja akifa juu, hakuna maua. Wanashuka hivyo hivyo na kengele zao. Wanawake walikuwa wameshaanza kukusanya matawi ya mataji. Wakayatupa mtoni. Tulishuka mwezi wa tisa katika ubaridi, ng'ombe arobaini na mmoja, na watu walisimama milangoni, na wanaume walivua kofia Alois alipopita, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko matusi.

Kwa hiyo ile hadithi ya maua, Rukia, maua yake niliyatoa kwenye picha iliyokuwa ukutani katika kibanda. Sikuyaona mimi kwa macho yangu hata mara moja.

Na bado hilo si baya kuliko yote. Baya ni la mkutano. Walikutana katika ule ukumbi juu ya nyumba ya zimamoto, nami nilisimama nyuma karibu na mlango. Alois alisimama akasema alisahau lango. Akasema mtu aliyeanza kusahau hafai kupewa ng'ombe wa watu. Akaiweka fimbo yake mezani. Akampa mjane mtamba wake mwenyewe badala ya Alma, bora kuliko aliyekuwa naye. Walimwomba aichukue fimbo, akakataa. Miaka yote niliyokuwa nikisimulia habari hizi, mtu akiniuliza kama nilikuwa nikielewa maneno yao, nilisema kidogo tu, Kijerumani chao ni kigumu. Nilielewa kila neno. Nilikuwa na nafasi ya kunyoosha mkono, na nilikuwa nimesimama mahali ambapo kila mtu angeniona.

Wiki moja baadaye nilipanda ndege ya mizigo pamoja na mitamba kumi ya arbab. Hilo ni kweli na naliongeza kwa fahari: nilivuka bahari na nchi saba nikiwa nimesimama kati ya ng'ombe kumi, nawamwagia maji, nawasemesha, na hakufa hata mmoja. Tulipofika hapa jua liliwagonga kama kofi. Nikawatengenezea kivuli, mabomba ya kunyunyizia maji, feni, na watu wakasema hawatamaliza mwezi. Vijukuu vyao ndivyo ulivyovikamua ukiwa na miaka saba. Shamba letu hapa Khawaneej lilikuwa jangwa, sasa lina majumba ya watu pande zote na ng'ombe wetu wanasikia kengele za milango, lakini bado wapo. Hiyo ni kazi yangu. Haitafutwa na mabaya yangu, kama mabaya yangu yasivyofutwa nayo.

Usiku wa kwanza arbab aliketi barazani na wageni wake akaniuliza, je, Bakari, walishushwaje mlimani? Alikuwa ameona picha kama ile. Nami nikafungua mdomo na maua yakatoka. Ndipo hadithi ilipozaliwa. Ilipendeza, nikairudia, kila mwaka nikaiongezea utepe.

Sasa unaelewa kwa nini barua ya kukubaliwa ilipofika nilikataa. Miezi mitatu nilikataa. Nilisema baridi. Nilisema nguruwe. Nilisema binti haendi peke yake, na ulininyamazia ukidhani nimekuwa mzee wa kufungia watoto ndani. Siku ile jikoni uliniuliza, "Baba, unaogopa nini kule? Si kwako kule?" Nikatoka nje nikajifanya naangalia maji ya ng'ombe. Maana mkuu wa kiwanda aliyetia sahihi barua yako, huyo Resi unayemsifu, ni binti ya Alois. Wakati ule alikuwa msichana wa shule, alikuwa akituletea mkate juu kila Jumamosi.

Nimelifikiria sana jambo la chumvi. Nilikupa hadithi mkononi tangu mdogo, tamu, kidogo kidogo, ukanifuata. Na mimi ninajua njia hiyo ilivyo nyembamba. Ningeiacha ndege iondoke kesho, ungefika, ungeketi mezani kwa Alois na kumsimulia kwa furaha jinsi baba yako alivyoshuka na ng'ombe wa maua. Nilimwona akilini mwangu anavyokutazama. Hata ukaidi wangu una mwisho, na mwisho wake ulikuwa hapo.

Basi leo asubuhi baada ya kukamua nilipiga simu. Sikukuuliza. Najua ni nafasi yako na si yangu, na najua wangeweza kuifuta kwa neno moja, nawe ungeamka kesho na sanduku lililofungwa na huna pa kwenda. Nilijua hayo nikabonyeza namba. Kama unataka kunikasirikia, hapo ndipo pa kukasirikia, na una haki.

Nilisimama zizini, kwa kuwa zizini huwa siogopi mtu. Resi alipokea. Nikasema mimi ni Bakari, Bakari wa ng'ombe. Alifurahi jamani. Akaniambia chumba chako kiko tayari, akaniambia baba yake yupo pale pale kiwandani, huja kila siku kukaa kwenye kiti karibu na sufuria, ila masikio yamekwisha, itabidi yeye amrudishie maneno yangu kwa kelele sikioni. Sikuwa nimelipanga hilo. Nilidhani nitamwambia mtu mmoja.

Kijerumani changu kimebaki kama meno yangu. Nikasema yaliyobaki. Lango la korongo. Alma. Asubuhi ile ya ukungu. Resi akapiga kelele kila neno, na nyuma yake nikasikia mashine zinazimwa moja moja. Kisha nikasema, "Nililifungua mimi. Nikaliacha wazi mimi. Alois alikuwa amelifunga."

Hakulirudia. Nilisikia anapumua. Nikajisemea, khalas, imekwisha, nimeiuza safari ya mwanangu. Mama yako alikuwa amekuja nyuma yangu na ndoo, amesikia yote.

Kisha Resi akasema, polepole, hakupiga kelele sana, kama vile alijua baba yake atasikia. Sikuelewa alivyosema kwa lugha yao ya ndani. Nilisikia kiti kinasukumwa. Na nikasikia sauti ya Alois, iliyozeeka, imepasuka, inasema, "Nililifunga." Akasema tena kwa nguvu. Kisha akaanza kuwapigia kelele watu wote waliokuwa mle ndani, nililifunga, mnasikia, nililifunga mimi. Miaka yote hiyo, Rukia, alikuwa akiamini kwamba kichwa chake kilianza kufa siku ile. Kila alipopoteza ufunguo, kila aliposahau jina la mtu, alihesabu kuanzia lango. Mimi nilidhani nimemnyang'anya fimbo tu.

Alimnyang'anya Resi simu.

"Bakari. Wewe ni punda."

"Ndiyo, Alois."

"Nililifunga."

"Ulilifunga."

"Sema tena."

Nikasema tena. Nilisema mara saba, na kila mara alicheka zaidi, na mara ya saba alikuwa analia, na mimi usiniulize nilikuwa nafanya nini, zizini kuna vumbi.

Resi aliporudi sauti yake ilikuwa nyingine. Alisema amekasirika na atakaa amekasirika kwa muda mrefu. Alisema hasira hiyo ina jina langu na hatakupa wewe hata kijiko chake. Ushuke kituo cha kanisa, kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri, uje na viatu vya mpira. Nikamuuliza Alois yuko wapi. Akasema ameshatoka nje bila kofia, yuko barabarani anagonga mlango wa jirani.

Mama yako akaiweka ndoo chini. Akasema, "Miaka yote hii nimepikia wageni pilau waje kusikiliza uongo." Akachukua ndoo akaenda. Kisha akarudi akaniambia niandike barua, na nisijisifu. Nusu yake nimemtii.

Kwa hiyo unakwenda. Hunifuati mimi tena, na hilo ndilo linalonipa kiburi kuliko ng'ombe kumi na ndege yao. Hao watu walikuchagua kabla hawajajua lolote, na wamekuchagua tena leo wakiwa wanajua yote. Mara ya kwanza ulishinda kwa akili yako. Ya pili ulishinda wakati umelala.

Ukifika, kijiji kizima kitakuwa kimeshapata habari. Wewe utakuwa binti wa yule aliyeacha lango wazi, na watasema hivyo dukani ukiwa unasikia. Usiinamishe kichwa. Jina langu lote litaje, Bakari Omari, litaje polepole walishike. Na hapo kituoni atakuwepo mzee mfupi mwenye masharubu. Hatakusalimu. Atakuuliza swali moja, na atakuuliza mbele ya watu makusudi. Mjibu kwa sauti kubwa, masikio yake yamechoka. Mwambie alilifunga.

Mimi babako,
Bakari Omari wa Garsen,
mkamuaji, Khawaneej, Dubai.